Mguno wa Gia ya Tatu

Shangazi yangu anasikiliza magari kwa meno. Sitanii. Anachukua fimbo ya chuma, ncha moja anaigusisha kwenye gia boksi huku injini inaunguruma, ncha nyingine anaing'ata. Anafumba macho. Ukimwona mara ya kwanza utadhani anakula gari. Kisha anaitoa, anatema mate pembeni, anasema, "Beringi ya nyuma. Hii ya mbele inasingiziwa tu."

Masikio yake hayafai sana. Ujana wote aliumalizia kwenye kiwanda cha mipira, pembeni ya mashine ya kukandamiza, mashine inayopiga kishindo mpaka chai inatoka kwenye kikombe. Kiwanda kilipofungwa wenzake waliondoka na barua za kuwashukuru. Yeye akaondoka na mashine ndogo ya kukandamizia raba, juu ya mkokoteni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Siku hizi ana gereji nyuma ya maghala. Anatengeneza raba zinazokaa kati ya chuma na chuma: za kubebea injini, za kubebea gia boksi, za difu, ile gia ya ekseli ya nyuma. Gari likiingia kwake linatetemeka kama lina homa, linatoka limetulia. Ndiyo maana watu wanamwita Kimya, ingawa yeye mwenyewe kunyamaza hajui kabisa.

"Mume wangu wa kwanza na wa mwisho nilimwacha kwa kukoroma," anawaambia wateja. "Nilimkagua mwili mzima sikuona pa kuweka raba."

Na wateja wanacheka, na yeye yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana, anaendelea. "Gari zito lina huruma. Linameza kelele zake lenyewe. Gari jepesi ni sufuria tupu. Ukiligusa na kijiko mtaa mzima unajua."

Sasa, gari jepesi kuliko yote mjini lilikuwa la ndugu yake. Yaani baba yangu.

Baba kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kufulia, yale madude makubwa ya hotelini na hospitalini. Lakini roho yake ilikuwa kwenye kigari cha michezo cha viti viwili, kilicholetwa mtaani kwetu juu ya lori, mlango mmoja hakina. Alikifufua yeye mwenyewe, uani, miaka na miaka. Akatoa mazulia. Akatoa sponji za milango. Raba za kubebea injini na gia boksi akazitoa akaweka vyuma vitupu, eti nguvu isipotee njiani. Gari likawa jepesi mpaka mimi nikiwa mtoto niliweza kulisukuma mwenyewe uani, na likawa na kelele mpaka mbwa walikuwa wanalikimbia badala ya kulikimbiza.

Jambo la ajabu, hakuwahi kumpa dada yake alishike. Dada ndiye bingwa wa kuua kelele, mtu analeta gari kutoka miji mingine, halafu ndugu wa tumbo moja anapita na kopo lake la misumari. Ukimuuliza anasema, "Kelele ndiyo gari lenyewe." Basi tukaona ni kiburi. Baba alikuwa na kiburi kidogo.

Alikuwa pia na mguno. Akiwa na raha, akikaribia nyumbani, anaguna kwa puani: mmmm. Unapanda kidogo, unashuka, unakatika. Mama alikuwa anasema huo ndio ulikuwa uchumba wao, mguno nje ya dirisha. Akiusikia anaweka ndala za baba mlangoni na anakwenda kufungua geti.

Baba alikufa kitandani, figo, mvua zilizopita. Gari halikumuua. Naliweka wazi hilo mapema kwa sababu watu wa mtaani wetu wanapenda kuongeza chumvi.

Nikalirithi mimi. Mimi nachomelea mageti na madirisha ya chuma, wananiita Cheche, na jina hilo si la kazi peke yake. Siku ya kwanza baada ya msiba nililiwasha, nikaenda kazini, jioni nikarudi. Pale kwenye mteremko wa kuingia mtaani kwetu, unaachia mafuta, uko gia ya tatu, gari linashuka lenyewe. Likaanza.

Mmmm.

Likapanda kidogo. Likashuka. Likakatika mbele ya geti letu.

Nilikanyaga breki na kugeuka kutazama kiti cha pili. Kiti kitupu. Alipokuwa hai hatukuwahi kuisikia sauti ile kwenye gari, au labda tuliisikia kila siku tukadhani ni yeye.

Geti lilikuwa wazi. Mama amesimama katikati, ndala za baba mkononi.

Nilidhani ni siku moja. Huzuni ina mambo yake. Lakini ikawa kila jioni. Mteremko, mguno, geti wazi, ndala. Mama alikuwa akinitazama mimi ninavyoshuka, kisha anatazama upande wa pili wa gari, anasubiri mlango ufunguke. Nikamwambia mama, hili gari naliacha, natembea kwa miguu.

"Ukiliacha atakuja na nini?" akaniuliza. Kwa upole kabisa, kama mtu anauliza unga umebaki kiasi gani.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye akapata burudani. Kila jioni: "Mzee leo kawahi!" Siku moja nilivuka barabara na vifaa vyangu. Nikamwambia, "Rudia tena nikuchomelee huo mdomo usifunguke mpaka kiama." Hakurudia. Lakini nilipogeuka niliona hacheki. Alisema taratibu, "Dada Cheche, mimi natania kwa sababu nasikia nywele zinanisimama."

Hapo ningepaswa kwenda kwa shangazi siku ile ile. Sikwenda, na sababu yake kila mtu kwetu anaijua: mama na shangazi hawazungumzi. Na sababu ya kutozungumza ni jiwe.

Mama ana duka chumba cha mbele, anapima mchele, sukari, maharage, kwa mizani ya mawe. Mawe yake, vile vyuma vya kupimia, alikuwa akiyapaka rangi ya kucha nyekundu pembeni, mstari mmoja, yasichanganyike na ya mtu. Nikiwa bado nasoma, jiwe la kilo mbili likapotea. Siku hiyo mtu pekee aliyeingia nyuma ya kaunta alikuwa shangazi, amekuja kunywa maji. Mama alimwambia mbele ya wateja, "Wifi, rudisha jiwe langu." Shangazi akadhani ni utani. Mama akarudia. Shangazi akamwaga maji yaliyobaki kwenye kikombe, akakiweka kaunta taratibu, akatoka. Jioni ile mama alilia mezani, akamwambia baba dada yako ni mwizi. Baba alikuwa anakula. Nakumbuka alivyokula. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, alishusha tonge moja baada ya jingine mpaka sahani ikawa nyeupe.

Tangu hapo shangazi hakukanyaga kwetu ila siku ya msiba, na siku hiyo alikaa nje.

Basi mambo yakaendelea hivyo mpaka mama akaanza kutoka nje ya geti. Akisikia mguno unaanza kule juu, anatoka, anapanda barabarani kuupokea. Siku moja lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma kutoka kwa jirani anayejenga. Mama akatoka na ndala zake, macho yote kwenye gari langu, lori halioni. Nilipiga honi, nikapiga kelele, nikaruka kabla gari halijasimama vizuri. Dereva wa lori alifunga breki, tairi limefika alipo. Akatukana. Nikapanda kwenye ngazi ya lori nikamshika shati, tukatukanana mpaka watu wakatutenganisha.

Nilipogeuka mama alikuwa amechuchumaa, anavuta ndala moja kutoka chini ya tairi. Imekuwa bapa. Anaifuta vumbi kwa kanga.

"Sasa atavaa nini," akasema.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nyuma ya maghala.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani kafa tena?" Miguu tu, chini ya pikapu.

"Hajafa mtu."

"Basi umeniletea kelele. Nimekusikia tangu kwenye kona, kama mtu anaburuta kabati la vyombo." Akatoka, akafuta mikono, akaliona gari. Alilizunguka mara moja bila kuligusa, kama watu wanavyozunguka jeneza.

Nikamweleza yote. Geti, ndala, lori. Akasikiliza huku anang'oa raba iliyokauka kwenye kucha.

"Twende nikasikie," akasema. Akaingia, fimbo yake ya chuma juu ya magoti. Nyuma ya maghala kuna mteremko mrefu. Nikaachia mafuta, gia ya tatu.

Mmmm.

Alishika dashibodi kwa mikono miwili. "Simamisha."

"Shangazi..."

"Simamisha gari wewe mtoto!"

Alishuka, akaenda kusimama mbele ya ukuta wa ghala, uso karibu ugusane na matofali. Mabega yanapanda na kushuka. Niliwahi kumwona shangazi akibanwa kidole na jeki akacheka. Sasa sikujua nimfuate au nikae.

Aliporudi macho makavu. "Unaelewa unachonituma? Unanituma nimzibe mdomo ndugu yangu."

"Nakutuma umsaidie mama asigongwe na lori."

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Akijua?"

"Atanifukuza."

"Basi utalala kwangu. Ila nakoroma, nakutahadharisha kabisa. Yule mwanaume alinisingizia na mimi nikamsingizia, mpaka leo sijui aliyekuwa anakoroma ni nani." Akafungua boneti. "Lete jeki."

Ilimchukua siku kadhaa, na nilikuwa naacha kazi zangu kwenda kumtazama. Alitoa vyuma vyote vya baba akaweka raba zake, amezipika mwenyewe, laini kwa injini, ngumu kidogo kwa difu. Krosi za propela, yaani zile jointi zinazoruhusu bomba refu linalopeleka nguvu nyuma lijikunje, zilikuwa zimelegea kama meno ya kizee, akazibadilisha. Kisha propela lenyewe halikuzunguka sawa, upande mmoja mzito. Akalifunga klipu mbili za mpira wa maji, zile za skrubu, akawa anavisogeza vichwa vyake huku na huku, anawasha, anang'ata fimbo, anazima, anasogeza tena. Siku nzima kwa klipu mbili. "Huu ndio uganga," ananiambia. "Wengine wote wanauza mizizi."

Tukalijaribu. Gari lile lile, jamani, nilikuwa nasikia saa yangu ya mkononi. Usukani haukutetemeka. Vioo havikugongana. Nikamkumbatia shangazi na mafuta yake yote, nikaondoka bila hata kupitia mteremko wa nyuma ya maghala. Haraka yangu hiyo.

Nikafika mteremko wa kwetu. Gia ya tatu, nikaachia.

Mguno ulitoka mtupu. Zamani ulikuwa umejificha ndani ya makelele mengine, kama mtu anayeongea sokoni. Sasa tulikuwa tumewafukuza watu wote sokoni tukambakiza yeye. Nilisikia mpaka ile mikwaruzo aliyokuwa nayo mwishoni, kabla haujakatika. Nilikuwa nalia na sijui nimeanza saa ngapi.

Mama alikuwa barabarani tayari. Uso unang'aa.

"Leo hana mafua," akasema.

Sikulala. Asubuhi nilimkuta shangazi anakunywa chai, nikaanza kufoka hata salamu sikutoa. Kwamba uganga gani huu, kwamba nimekuletea mgonjwa umenirudishia jini. Nilipiga teke ndoo ya boliti zikatawanyika gereji nzima.

Hakupandisha sauti. "Umemaliza? Okota boliti zangu." Nikaokota. "Sasa nisikilize. Nilitoa kila kitu kinachopiga kelele chini ya gari. Kilichobaki hakiko chini. Kiko ndani, pamoja na wewe."

Kati ya viti viwili kwenye kigari kile kuna tuta, chini yake ndiko gia boksi na propela vinapita. Baba alilifunika kwa bati alilolipiga misumari ya kubana, si skrubu kama watu wengine. Nikaikata misumari kwa grainda. Shangazi akainua bati.

Chini yake, mgongoni mwa gia boksi, mahali asipoona mtu aliye chini ya gari, kilikuwa kimening'inia kipande cha chuma juu ya raba nyeusi nene. Kimefungwa vizuri, kwa heshima kabisa. Shangazi akacheka puani.

"Raba ya mashine ya kufulia," akasema. "Hee, ndugu yangu! Ona akili yake. Mashine ya kufulia unaitundikia uzito juu ya raba, ngoma ikitikisika kulia, uzito unakwenda kushoto, mtikisiko unakufa. Kumbe alikuwa anataka kuua kelele. Ila raba imezeeka, imekuwa mfupa. Badala ya uzito kupingana na mtikisiko unauitikia. Tena unagusa bati, bati linaimba. Ndiye huyo mgu..."

Alikuwa ameingiza kidole kufuta grisi.

Mstari mwekundu. Rangi ya kucha.

Nakumbuka redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Shangazi alikuwa amelishika jiwe kwa viganja viwili, halijafunguliwa bado, kama mtu ameshika kichwa cha mtoto.

"Alikula," nikasema. "Siku ile. Wewe unaitwa mwizi, yeye anakula."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Namjua. Akiwa na kosa alikuwa anakula sana."

Hapo damu ikanipanda. Ndiyo maana gari hakukuletea! Ndiyo maana kapiga misumari! Nikamwambia toa jiwe, toa sasa hivi, nalipeleka nalibamiza kwenye kaunta mbele ya wateja kama ulivyobamizwa wewe.

"Halafu?"

"Halafu ajue!"

"Nikimrudishia jiwe namrudishia na nini? Mama yako amebakiwa na mume wa sauti tu. Nimpelekee na habari kwamba sauti yenyewe ni ya mtu aliyeniuza?" Akapangusa mikono kwenye suruali, ingawa mikono haikuwa na kitu. "Wewe ulikuja na shida moja. Asigongwe na lori. Hiyo naimaliza. Na mdomo wako uufunge, Cheche, nakuomba kama mama yangu."

Alipika raba mpya mwenyewe. Alipika, akaitupa. Akapika nyingine laini zaidi, akaitupa. Siku hizo hakutania na mteja hata mmoja, watu wakawa wananiuliza kama anaumwa. Nilitaka amalize kazi kwa kulitoa lile jiwe tu, limepotea limepotea. Akakataa. Alisema ndugu yake alikuwa sahihi kwa fundi wa ndoo za kufulia, alikosea raba tu, na yeye hawezi kuacha kazi ya nyumbani kwao nusu. Akalitundika jiwe lile lile, mahali pale pale, juu ya raba yake. Akang'ata fimbo. Mteremko wa nyuma ya maghala tuliushuka mpaka mafuta yakakaribia kuisha. Mara ya mwisho, gia ya tatu, nikaachia, tukangoja.

Hakuna. Upepo tu.

Shangazi alikuwa bado ameng'ata fimbo. Akaitoa taratibu. "Amenyamaza," akasema.

Jioni ile geti lilikuwa limefungwa. Nikashuka nikafungua mwenyewe. Mama alikuwa dukani, kiti amekigeuzia dirisha, ndala ziko mapajani, ile bapa juu ya ile nzima.

"Umeingia saa ngapi?" akashtuka. Kisha akatazama nyuma yangu. "Hajaja."

Kesho yake, hajaja. Keshokutwa, hajaja. Barabarani alikuwa hatoki tena, hilo lilikwisha, lori lipite lisipite. Lakini wateja wakawa wanajipimia wenyewe. Alikuwa anakaa dirishani tangu mchana, shingo imenyooka, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mbali. Kinyozi akavuka barabara kuniambia, bila utani, "Bora ulivyokuwa mwanzo." Nilikuwa nimemwondoa mama barabarani nikamweka dirishani, na sikuona tofauti.

Jioni ya siku ya nne au ya tano alinigeukia ghafla. "Nani amelishika gari la baba yako?"

Shangazi alikuwa ameniomba nifunge mdomo. Nilijitahidi, Mungu anajua.

"Umelipeleka kwa yule. Umelipeleka kwa yule mwizi akamtoa!"

"Mwizi alikuwa anakula hapa mezani!"

Imetoka. Huwezi kuirudisha. Mama akanitazama. Nikamshika mkono, nikamtoa nje mpaka kwenye gari, nikamkalisha kiti cha abiria, nikafungua bati la katikati, sasa lina skrubu. Nikachukua kidole chake nikakiweka kwenye mstari.

Mama alipapasa rangi ile kwa ukucha. Alipapasa tena. Nilitegemea alie. Alisema tu, polepole, kama anasoma kitu kilichoandikwa mbali:

"Ile wiki nilimwambia kelele za gari lako zinanipasua kichwa. Chagua, nikamwambia. Gari au mimi. Akatoka na tochi. Nikasikia anagonga gonga uani. Akarudi akaniambia, utaona, litakuwa kama mtoto amelala."

"Kwa nini hakusema, mama?"

"Nilikuwa nimeshamtukana dada yake." Akafunika jiwe kwa kiganja. "Angesemaje."

Asubuhi aliingia kwenye gari kabla yangu. Ndala zote mbili ameziacha nyumbani. Gereji, shangazi yuko chini ya gari la mtu, miguu nje. Mama akasimama karibu na ile miguu. Mafundi wa jirani wakapunguza redio.

"Wifi," mama akasema.

Miguu haikusogea. Spana ikaacha kulia.

"Wifi, nimekuja."

"Nimeona viatu," shangazi akajibu kutoka chini. "Sogea kushoto kidogo, unaniziba mwanga."

Mama akasogea. Spana ikaanza tena, taratibu, ikasimama.

"Nilikuita mwizi mbele za watu," mama akasema.

"Mbele ya watu wengi. Na yule mama wa maandazi alikuwepo, huyo ni sawa na kutangaza redioni."

"Nisamehe."

Kisha mkono ukatoka chini ya gari, mweusi wa grisi, ukafunguka. Nikadhani anataka kushikwa. Mama naye akadhani hivyo, akaupa mkono wake.

"Nilikuwa naomba spana ya kumi na tatu," shangazi akasema. Lakini hakuuachia. Walikaa hivyo, mmoja amesimama mmoja amelala.

Baadaye, wakinywa chai kwenye viti vya gari vilivyong'olewa, mama alimuuliza kama angeweza kuurudisha. Ule mguno.

"Raba ya zamani ninayo," shangazi akasema. "Sikuweza kuitupa. Kazi ya dakika chache. Sema tu."

Mama alizungusha chai kwenye kikombe.

"Alitaka ninyamaziwe," akasema hatimaye. "Muache amalize."

Tulirudi jioni, sisi watatu kwenye viti viwili, shangazi nimempakata au yeye kanipakata mimi na usukani, sheria tuiache. Mteremko, gia ya tatu, nikaachia mafuta. Gari likashuka kama mtoto amelala. Shangazi alikuwa ameweka kiganja juu ya bati la katikati, na mama akaweka chake juu ya kile.

Pale kona mama akasema nisimamishe, akashuka, akatangulia kwa miguu. Akafungua geti, pande zote mbili. Tukapita. Nikazima injini, nikamtazama kwenye kioo.

Alikuwa bado amelishikilia geti, amesogea pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwingine apite. Akangoja. Kisha akainamisha kichwa, akafunga.